Mkono wa Kulia wa Mto

Kwa Kijaluo wivu unaitwa nyiego. Mke mwenza anaitwa nyieka, na hata mtoto akiyasikia maneno hayo mawili anajua yamepikwa chungu kimoja. Mimi nililisikia la pili kabla ya la kwanza, kwa sababu mama yangu alilitamka kila asubuhi akichungulia moshi wa nyumba kubwa, aone kama kule wameanza kukoroga uji kabla yetu. Nimewahi kusoma mahali kwamba wivu ni jambo la mtu binafsi na moyo wake. Aliyeandika hayo hakulelewa katika boma la wake watatu.

Nyumba ya mama mkubwa, mikayi, mke wa kwanza wa baba, ilisimama juu kabisa katika boma letu, mlango wake ukitazamana na lango. Nyumba yetu, ya mke wa pili, ilikuwa chini kidogo, ubavuni. Ng'ambo ya zizi la ng'ombe, ikitazamana na yetu, palikuwa na nyumba ya mke wa tatu. Ni mwendo mfupi kutoka hapo hadi pale mto Migori unapoingia mto Kuja. Mama aliolewa kutoka upande wa Migori, karibu na Wakuria, na mama mkubwa alitoka Kuja ya juu. Mto Migori ukishaingia Kuja, watu wa kwetu hawautaji tena. Wanasema Kuja mpaka ziwani. Mama hakupenda kuzungumzia jambo hilo.

Mama mkubwa alikuwa na binti aliyezaliwa msimu mmoja na mimi, yeye mvua zikianza, mimi zikiisha. Tulianza shule siku moja, tukakaa darasa moja, na tangu siku ile ya kwanza sikupumzika. Alikuwa na mwanya uliowafanya wageni wamwombe acheke tena. Alikuwa na sauti iliyoanzisha nyimbo kanisani. Gauni lake lilishonwa Homa Bay kwa cherehani, langu lilikuwa lake la mwaka uliopita. Nilimwonea wivu wa gauni, wivu wa mwanya, wivu wa sauti, na mkubwa kuliko wote, wivu wa jinsi alivyokuwa hajui kabisa kwamba anaonewa wivu. Aliniita nyamera, dada yangu, na alikuwa akimaanisha. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tulipofika darasa la saba, miaka michache baada ya uhuru, akaja padri mgeni kutufundisha jiografia. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, na miguu yake ilizoea milima kiasi kwamba kwenye tambarare yetu alitembea akinyanyua magoti bure. Kwao ni kwenye milima ya Alpi, upande wa Italia, lakini nyumbani walizungumza Kijerumani. Wenzangu waliotoka mpakani hawakushangaa, kwani wao walikuwa na wajomba Tanganyika waliohesabiwa wageni kwa sababu ya kamba iliyovutwa na Wazungu. Padri alipoona tumeelewa bila kuelezwa, alifurahi sana. Nadhani ndipo alipoamua kutupa mto wake.

Tulitakiwa kusoma mito ya kwetu na ile mikubwa ya dunia. Yeye akachora ubaoni kwa chaki ya buluu mto unaoitwa Adige, ambao sijakutana na Mkenya mwingine aliyefundishwa. Unaanzia juu, karibu na mpaka wa Austria, mahali penye theluji, unateremka, unageuka, unapita katikati ya mashamba ya matofaa na mizabibu, kisha unaingia baharini. Njiani unapokea matawi yake. Kwanza Sulden, unaotoka kwenye barafu isiyoyeyuka. Kisha Passirio. Kisha Isarco, ambao ndio mto wa kwao, kijiji chake kikiwa ukingoni. Kisha Noce. Mwisho Avisio. Alipofika Isarco chaki ilipunguza mwendo. Alituambia kwamba pale mito hiyo miwili inapokutana, Isarco unaleta maji mengi kuliko Adige wenyewe, na bado ndio unaopoteza jina.

Nilimpelekea mama habari hiyo siku ileile. Alikuwa akipepeta mtama. Akauliza kama huko kwa Wazungu nako kuna wake wengi. Nikamwambia hapana, ni mito tu. Akasema, "Basi mito yao ina akili kuliko wao, maana imeshajua mambo yalivyo." Akaendelea kupepeta, lakini nikaona amefurahi.

Padri alitaka tuyataje matawi yale kwa mpangilio, kila moja na upande wake, linaingilia kulia au kushoto. Hapo ndipo dada yangu alipong'aa. Aliyatamka majina kama padri mwenyewe, na herufi ya r ikamzungukia ulimini bila taabu, wakati sisi wengine Isarco lilitutoka "Isako" na Noce likasikika kama jina la mtu wa kule Kosele. Padri alipiga makofi. Akamwambia darasani, mbele yetu sote, kwamba akifumba macho anadhani yuko kwao. Nilitamani kumfumbua.

Lakini pande zilimshinda dada. Zilitushinda wote. Majina tuliyajua, ila lipi la kulia, lipi la kushoto, tuliyachanganya kila asubuhi. Padri alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Msitazame mkono yenu. Mto ana mkono yake." Darasa zima lilicheka. Mto kuwa na mikono, tena "ana," kama mtu. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilipomaliza kucheka alikuwa ameshamaliza kueleza.

Basi nikatafuta njia yangu. Siku moja nilirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, nikaingia langoni, nikasimama kurekebisha ngata iliyokuwa imeteleza, na nilipoinua macho nikaona mto Adige umelala mbele yangu. Nyumba ya mama mkubwa kule juu ndiyo chanzo, kwenye theluji. Lango nilimosimama ndiyo bahari. Baba ndiye mto wenyewe, maana kila jioni alipita katikati akionja chakula cha kila mlango, na chote kiliitwa chakula chake. Ukiingia, mkono wa kushoto kuna ghala la mama, hilo likawa Sulden, na chini yake nyumba yetu, ikawa Noce. Mkono wa kulia kuna mti mkubwa wa kivuli, Passirio. Kisha nyumba ya mke wa tatu, na hiyo, kwa jinsi ramani ilivyokaa ubaoni, haikuwa na budi kuwa Isarco. Iliniuma. Hata katika nchi ya barafu sifa zilikwenda nyumba nyingine. Avisio ikawa kibanda cha kaka zetu wakubwa karibu na lango. Niliutembea mto huo kila siku, nikiingia na maji, na sikukosea hata jina moja.

Sasa mambo yakawa makubwa. Masista wenye shule ya sekondari ya bweni waliipa misheni yetu nafasi moja, ya msichana mmoja, na wangemsomesha wao wenyewe. Baba alikuwa amekwisha kusema kwamba binti zake wanatosha pale walipofika, ila kama ni masista watakaobeba mzigo, mmoja anaweza kwenda. Mmoja. Padri akasema wanaofaa ni wawili, wote wa boma moja, na kwamba siku ya kufunga shule atawauliza mbele ya wazazi. Kila mtu alijua atauliza mto gani. Ningepata nafasi ile ningeondoka kwenye gauni la mwaka uliopita. Ningekwenda mahali ambapo hakuna ajuaye nyumba ipi iko juu na ipi iko ubavuni. Nililala nikiiwaza, nikaamka nikiiwaza.

Juma lile la mwisho dada alinifuata mtoni. Tulijaza mitungi, halafu akasema, "Nyamera, majina ninayo, lakini hizo pande zinanipotea. Wewe unafanyaje?"

Ningeweza kusema sijui. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hivyo, na jibu halinipendezi. Nilitaka anione. Maisha yangu yote nilikuwa nimemtazama yeye, na hapo kwa mara ya kwanza alikuwa akinitazama mimi, maji yakimchuruzika usoni, akingoja nimpe kitu. Nikampa. Nikamwambia boma letu ndilo Adige, kwao chanzo, lango bahari, ghala la mama Sulden, sisi Noce, na kadhalika. Alicheka hadi akamwaga nusu ya mtungi. Akasema, "Wewe una akili, wallahi." Neno hilo alilichukua kwa wafanyabiashara wa Kiislamu wa Homa Bay, na hata hilo lilimpendeza mdomoni.

Siku ya kufunga shule wazazi walikaa kwenye viti vya kanisa vilivyotolewa nje. Baba alikuwa mbele na kofia yake magotini. Wake zake walikaa nyuma yake, na mama alihakikisha hakuna pengo kati yake na mama mkubwa, watu wasije wakasema. Padri aliuliza kwa Kiswahili ili baba asikie, maana baba alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho na Kiswahili alikijua.

Niliitwa kwanza. Sikuogopa hata kidogo. Nilifumba macho, nikasimama langoni na mtungi kichwani, nikaingia. "Mkono wa kushoto," nikasema, "ni Sulden na Noce. Mkono wa kulia ni Passirio, Isarco na Avisio." Nilifungua macho nikimtafuta mama. Alikuwa amekaa wima, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha.

Padri hakupiga makofi. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile naichukia hadi leo. Akasema polepole, "Majina sawa. Lakini pande umegeuza. Wewe umeingia kwa bahari, mama. Mto haitoki baharini. Mto anatoka juu, anateremka, na mkono yake ya kulia ni ile ya anayeteremka."

Watu waliguna. Sidhani waliokuwa pale walielewa kosa lilikuwa nini, ila walielewa kwamba lilikuwa kosa. Baba aligeuza kofia yake magotini.

Dada akaitwa. Alisimama, akafumba macho, na nikamwona, naapa nilimwona, anatabasamu kidogo kwa mwanya ule. "Mkono wa kulia," akasema, "ni Sulden na Noce. Mkono wa kushoto ni Passirio, Isarco na Avisio." Na r yake ikazunguka. Padri alipiga makofi mpaka chaki ikamwangukia kanzuni. Baba alivaa kofia.

Nilimkamata dada njiani tukirudi. Nilimuuliza amejuaje kugeuza. Alishangaa kabisa. "Kugeuza nini? Nilifanya vile uliniambia. Nilisimama pale mlangoni kwetu, nikaangalia chini mpaka langoni. Ghala la mama yako na nyumba yenu ziko kulia. Zile zingine kushoto." Akanyoosha mikono kunionyesha, mkono huu, mkono huu. "Kwani wewe ulisimama wapi?"

Ningemjibu nini? Kwamba mimi nilisimama mahali wanaposimama wabeba maji? Yeye pia alibeba maji. Lakini alipowaza nyumbani aliwaza yuko ndani akitazama nje, na mimi nilipowaza nyumbani niliwaza naingia. Mto ulikuwa wangu, njia ilikuwa yangu, hata kicheko cha kwanza juu ya jambo hilo kilikuwa changu, naye alishinda kwa sababu tu ya kizingiti alichozaliwa juu yake. Nilimwacha atangulie.

Mama hakunilaumu. Alinipikia samaki, kitu ambacho hakukifanya siku za kazi, akakaa kunitazama nikila. Baadaye akasema maneno ambayo nilijua alikuwa akiyasema kwa niaba yake mwenyewe na ya mto Migori pia. "Uliyajua majina yote. Nilisikia." Kisha akatoka kwenda kutazama moshi.

Januari dada akaondoka na sanduku la bati lililopakwa rangi mpya. Padri mwenyewe alimpeleka kwa gari la misheni. Mwaka uliofuata masista waliipa shule nyingine nafasi ile, na padri akahamishwa upande wa Magunga, akaenda na chaki yake ya buluu. Mimi nikabaki nyumbani kusaidia kazi, na kwa kuwa nyumba kubwa ilikuwa imebaki bila binti, baba aliamua kazi za dada zitakuwa zangu. Nitawatekea maji na kuwafagilia. Mama alilipokea agizo hilo akitwanga mtama kwa kishindo ambacho boma zima lilikisikia.

Hivyo asubuhi moja nilikuwa kwa mama mkubwa na ufagio wa vijiti. Sitaki mtu adhani sikuwahi kufika mlangoni pale. Nilifika mara nyingi, nikitumwa chumvi, nikitumwa moto. Lakini kila nilipofika nilitazama ndani. Nilitaka kujua wana taa gani mpya, vikombe vingapi vya udongo mweupe, kama kitanda cha dada kina godoro au ngozi. Nilijua kila kitu kilichokuwa katika nyumba ile. Mgongo wangu ndio uliokuwa ukitazama boma.

Siku hiyo hakukuwa na cha kuchungulia, maana dada alikuwa ameondoka na kila nilichokuwa nikikitafuta. Nilifagia kutoka ndani kuja nje, nikafika kizingitini, nikajinyoosha mgongo, nikawa natazama chini kuelekea langoni. Zizi. Lango. Kaka zetu wakitoa ng'ombe. Nikainua mkono wangu wa kulia, ule ulioshika ufagio, sijui kwa nini, labda bado nilikuwa nikibishana na padri. Ufagio ulielekea moja kwa moja kwenye ghala letu, na chini yake nyumba yetu, ambapo mama alikuwa amekaa nje akimenya mihogo.

Kwetu mkono wa kulia ndio unaosalimia, ndio unaopeleka chakula mdomoni, ndio unaompa mgeni kiti. Wa kushoto una kazi zake ambazo hazitajwi. Tangu nianze kutembea nilikuwa nikiingia lango lile na kuona nyumba yetu iko kushoto, na nilikuwa nimelipokea jambo hilo kama nilivyolipokea gauni.

Mama mkubwa alitoka nje akifunga kitambaa kichwani, akanikuta nimesimama na ufagio hewani. Alikuwa mwanamke mpole, na mama hakumsamehe upole huo. Nilimuuliza, nikijaribu kufanya sauti isiwe na kitu, "Mama, nyumba yetu iko upande gani?"

"Ya mama yako? Kulia," akasema. "Mke wa pili hujengewa kulia kwa wa kwanza. Nyumba ya mama yako ni mkono wangu wa kulia. Hukuwa unajua?"

Alisema kwa urahisi, kama mtu anayekuambia maziwa yako wapi. Kila alipofungua mlango wake aliuona. Binti yake aliuona. Dada yangu alijua sisi ni mkono wa kulia tangu siku aliyoweza kusimama pale na kutazama nje, naye hakuwahi kuona ni habari ya kumwambia mtu. Nilitazama chini, kwa mama yangu na mihogo yake, na nikajua hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha hapa, na kwamba akifa leo atakufa akijihesabu wa kushoto. Wivu ulinipanda upya kutoka miguuni. Mara hii haukuwa wa gauni wala wa mwanya. Niliwaonea wivu wa kitu kilichokuwa chetu.

"Nilijua," nikamwambia, nikainama, nikaendelea kufagia kwao.